Maji ya Ile Picha

Ansima mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa, na umesema hautarudi kabla ya saa kumi na moja. Nimefunga studio mchana huu. Nimekaa kwenye kile kigoda cha picha za pasipoti, ukuta mweupe nyuma yangu, daftari juu ya magoti. Miaka yote nawaambia watu "Papa, nyoosha mabega, usitikisike," kumbe kigoda chenyewe kinaumiza mgongo hivi.

Mambo ya safari sitayaandika. Koko yako, mama yangu, ameshakuambia mara tatu kwamba Kibumba kuna baridi, sweta ikae juu ya mfuko, isikae chini. Mama mudogo Sifa anajua saa basi linafika Kampala. Mambo ya wanaume umeyaona kwangu mwenyewe: nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na sita, nikaacha shule mwaka wa tatu wa sekondari, na baba yenu akaenda kwenye machimbo ya Walikale Asifiwe akiwa tumboni. Simu yake iliita miezi miwili, kiisha ikanyamaza. Hayo hayataki barua.

Barua hii ni ya Asifiwe. Miezi kumi na sita sasa tangu tumzike dada yako, mtoto wa miaka minne, kolera ikiwa imemmaliza kwa siku moja. Najua jina lake likitajwa unaangalia chini. Usiangalie chini. Soma mpaka mwisho, hata hasira ikikushika katikati, soma.

Siku ya mungu iliyopita, tulipotoka misa, ulikuwa unaosha vikombe na ukasema bila kugeuka: "Mama, miye nikienda utakuwa na amani. Hautakuwa unaona kila siku mutu mwenye aliua mutoto yako."

Nikasema, "Acha kusema vile." Nikaendelea kumenya viazi. Ni hayo tu nilisema. Wewe ukadhani nakusamehe.

Ansima, si wewe. Ni mimi. Wewe uliweka dawa kwenye maji siku ile, kama kila siku. Mimi ndiye niliyeyamwaga maji yako na kuweka mengine mahali pake. Nimelijua jambo hilo tangu siku aliyougua, nimelala nalo na kuamka nalo, na nimekuacha ulibebe wewe, ukiwa na miaka kumi na sita.

Sasa nimeandika. Kalamu ilikataa mara mbili. Acha nikuelezee vizuri, ili usiseme mama amesema hivi kwa huruma tu, kwa sababu ya safari.

Unakumbuka tulivyoanza ile michezo ya matone. Muzee mwenye studio alipohama Goma aliniachia apareyi ya picha, flashi mbili za zamani, na kazi. Kazi yenyewe unaijua: picha za pasipoti za watu wanaotoka, na picha kubwa za marehemu za kuweka juu ya sanduku. Mchana kutwa ni nyuso za wanaokwenda na nyuso za waliokwisha kwenda. Jioni macho yangu yalikuwa yanatafuta kitu kisicho na uso. Na siku moja mvua ikapita kwenye tundu la bati, tone likawa linaangukia sufuria, na wewe, ulikuwa na miaka kumi na mbili, umelala kifudifudi sakafuni, ukaniita: "Mama, kuya uone! Hii tone ikiisha kuanguka inarukaka tena juu. Ipige picha."

Nikapiga. Ukatoka ukungu tu.

Tukashikwa na ugonjwa wa ile kitu, wote wawili. Tulining'iniza mrija wa seromu, ule wa dripu ya hospitali, kwenye msumari, tukawa tunaamuru matone kwa kile kigurudumu chake kidogo. Tuliziba nyufa za mbao kwa matambara na madirisha kwa mablanketi, mpaka chumba cha nyuma kikawa giza saa sita ya mchana. Ulilaza msumari mwingine juu ya beseni mahali tone linapoangukia, mimi nikaulenga kwa apareyi msumari ule mpaka ukaonekana vizuri, ndipo ukautoa. Zile karatasi za kung'aa za vikapu vya harusi tulizifunga mbele ya flashi, nyekundu kushoto, buluu kulia. Apareyi inafunguliwa gizani na kuachwa wazi, wewe unafungua kigurudumu, na mimi nabonyeza flashi kwa kidole nikifuata sauti ya tone.

Na Asifiwe, alipoanza kutembea, mahali pake pakawa chini ya meza. Kila flashi ikiwaka alikuwa anasema "Pa!" na sisi tunamwambia "Weye, usiguse meza." Baadaye ndiye aliyekuwa anazipa picha majina. Hii kofia. Hii uyoga. Hii Bikira Maria amekasirika. Wewe ulicheka mpaka ukapiga beseni teke, tukakausha sakafu kwa shuka.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mwanga, na lile tulilicheka. Nilidhani tone linakimbia sana, kwa hiyo linataka mwanga mkubwa. Nikazipa flashi nguvu zao zote. Kila tone likatoka na mkia, kama limefutwa kwa kidole. Miezi minane nilihangaika hivyo, nalaumu apareyi, nalaumu umeme. Wewe ndiye uliyegeuza kitufe chini kabisa, kwa utundu tu. "Jaribu na kadogo, Mama." Tone likasimama hewani kama kipande cha kioo. Kumbe flashi ikipewa nguvu kidogo inawaka na kuzimika upesi zaidi, na ni ule ufupi unaolishika tone. Muzee hakuwahi kunifundisha hilo. Mtoto wangu alinifundisha, na sikukushukuru, nilisema tu "Toka hapo, usiharibu."

Kosa la pili ndilo hili.

Sheria ya maji nyumbani niliiweka mimi mwenyewe. Maji yanatoka ziwani kwenye madumu, zile bidoni za njano. Jioni tunayachuja kwa kitambaa na kuyaacha yatulie. Asubuhi wewe unayamimina kwenye ile ndoo ya buluu yenye robine ya kutolea maji, unaweka dawa, unangoja nusu saa, kiisha unafunga kitambaa cheupe kwenye mkono wa kifuniko. Kitambaa kikiwepo, kunywa. Kitambaa kisipokuwepo, hata koo likauke, ngoja. Asifiwe hakujua hata herufi moja lakini kitambaa alikijua. Alikuwa anasimama mbele ya ndoo anauliza, "Imevaa?"

Siku ile ya tano, Ijumaa, umeme ulikuwa umekatika siku nne. Ukarudi karibu na saa sita. Wewe uko shuleni, Asifiwe amelala, studio haina mtu. Nikachomeka flashi zichaji, nikafunga mablanketi. Hakuna mtu aliyeniomba picha ile, Ansima. Nataka ulijue hilo. Si mteja, si harusi. Nilikuwa naitaka mimi. Nilitaka taji, tone linapoanguka na maji yanainuka kuzunguka pande zote na vidole vyake, nusu nyekundu, nusu buluu.

Maji ya bidoni yalikuwa ya asubuhi ile, hayajatulia. Unajua yanavyokuwa: yana ule unga mweusi wa mawe yetu, na kwenye flashi ya rangi kila punje inang'aa kama kipele. Nikapiga picha thelathini, zote zina vipele. Nikaangalia ndoo ya buluu. Maji yako yalikuwa meupe kabisa, yamechujwa, yametulia, yamewekwa dawa.

Nikayachukua. Niliyamimina karibu yote, mengine kwenye beseni, mengine kwenye mfuko wa seromu. Halafu nikafikiri, Ansima atarudi na kiu akute ndoo tupu, atanifanyia kelele. Nikaijaza kwa maji ya bidoni. Nikasema moyoni nitaweka dawa nikimaliza, ni dakika kumi tu. Nikarudisha kifuniko. Kitambaa kilikuwa kimefungwa. Nilikiona. Mkono wangu ulikigusa. Sikukifungua, maana ya kufungua na kufunga tena ni nini kwa dakika kumi?

Dakika kumi zikawa saa mbili. Wewe unajua mtu anavyopotea mule gizani.

Ulirudi. Nilisikia viatu vyako, nikasikia Asifiwe anaamka na kulialia, anataka maji. Na ulifanya kila kitu sawa. Uliangalia kitambaa, nilisikia ukimwambia, "Ndiyo, imevaa." Nikasikia robine inafunguka, maji yanaingia kwenye kikombe. Mimi nilikuwa nimefungua apareyi, naisikiliza sauti ya tone, na ile sauti ya robine ilikuwa inanichanganya. Unakumbuka nilisema nini? Nilipiga kelele kutoka nyuma ya blanketi: "Ansima, acha hiyo kelele ya maji!"

Ukaifunga robine. Ukanijibu, "Pole, Mama." Asifiwe akaomba kikombe cha pili, ukamjazia polepole, kidogo kidogo, ili nisisumbuke.

Maneno hayo yako ndiyo ninayoyasikia nikilala. Si kilio chake. Ni wewe ukisema pole.

Na ile picha nikaipata. Mara tu baada ya hapo. Uliingia, nikakuonyesha kwenye apareyi, ukashika kichwa kwa mikono miwili: "Mama! Mama, hii umeipata!" Tulicheza sisi watatu mule chumbani, Asifiwe tumembeba juu, beseni linatikisika. Ilikuwa furaha ya kweli. Na katika furaha ile dawa ikanitoka kichwani kabisa, hata jioni nilipokunywa mimi mwenyewe kutoka ndoo ile. Wewe ulikunywa pia. Sisi miili yetu ilivumilia.

Siku ya mungu alfajiri alianza. Hayo mengine uliyaona, sitayaandika yote. Ulimbeba mgongoni mpaka kwenye barabara ya lami maana motari, mwenye pikipiki, hakutaka kushuka huku kwenye mawe, na ulikuwa unamwambia, "Asifiwe, sema Pa. Sema Pa kidogo."

Kwenye hema la wagonjwa yule muuguzi aliuliza akiwa na karatasi yake: "Anakunywaka maji gani?"

Ukajibu wewe. "Ya ndoo. Ni miye nilimupa."

"Iliwekwa dawa?"

"Iliwekwa. Ni miye naiwekaka kila asubuhi."

Akaandika. Hakukugombeza. Alisema tu, "Siku ingine uhakikishe muzuri, dada."

Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa mtoto. Na ni pale, aliposema uhakikishe, ndipo mkono wangu ulikumbuka kile kitambaa. Nilikiona kifuniko, nilikiona kitambaa, nikaona bidoni. Mdomo ulifunguka. Wewe uliniangalia, ukadhani nataka kulia, ukanishika bega.

Mrija wa seromu ulikuwa unaning'inia juu yake, ule ule kama wetu, na kigurudumu kile kile. Tone, tone. Sikuweza kuzuia macho yangu kuyahesabu. Nilijua hata bila saa kwamba yanakwenda polepole mno, nikamwambia muuguzi, naye akasema mishipa ya mtoto imelala, Mama, tunajaribu. Mpaka asubuhi niliyaangalia matone yale. Yalipokuwa bado yanadondoka, yeye alikuwa ameshaacha kupumua.

Kwenye kilio nyumba ilijaa, wanawake wa shirika letu la kanisani wamekaa mpaka kwenye studio. Koko yako akauliza, mbele yao wote, "Ni nani anawekaka dawa mu hii nyumba?" Na wote wakakuangalia. Ulikuwa umekaa karibu na mlango, kitenge ulichombebea Asifiwe bado mwilini. Ukasema, "Ni miye." Kiisha ukasema tena, polepole, "Labda nilisahau. Labda nilifunga tu kitambaa."

Kichwa changu kilikuwa kwenye mapaja ya jirani, wananimwagia maji usoni. Walidhani nimezimia. Sikuwa nimezimia, Ansima. Nilisikia kila neno. Nilifumba macho zaidi.

Sitakuambia kwa nini nilinyamaza, kama vile kuna sababu itakayokuridhisha. Niliogopa. Niliogopa watu watasema mama huyu alimuua mtoto kwa sababu ya kuchezea maji. Nilisema, acha wamzike kwanza. Kiisha nikasema, acha matanga yaishe. Kiisha, acha mitihani yake ipite. Nilikuwa natafuta wakati mzuri, mimi niliyekaa miaka minne kwenye giza najifunza kwamba tone halikungojei: ukisubiri mpaka ulione ndipo ubonyeze, picha inayotoka ni ya maji matupu. Kidole kilijua hilo. Mdomo haukujua.

Na nilikuwa nakuona. Niliona ulivyoanza kuweka dawa mara mbili, mara tatu, mpaka maji yakawa yanachoma koo na jirani akarudisha kikombe. Niliona unavyoamka kwenda kushika kitambaa. Niliona kwamba hukuingia tena nyuma ya blanketi, na nilipouza ile flashi ya buluu hukuuliza. Uliacha kuimba kwaya. Siku moja nilikukuta unafundisha mtoto wa jirani kufunga kitambaa kwenye ndoo yao, kiisha unakifungua na kuanza upya.

Kuna baya kuliko hilo. Watu walikuwa wananisifu. Walisema, "Mama Ansima, uko na roho ya uvumilivu. Haumupigi ule mutoto hata kidogo. Mwingine angemufukuza." Na mimi nilijibu, "Ni Mungu anasaidia." Nilijibu hivyo zaidi ya mara moja. Nimekula ile sifa kama chakula.

Kama bado hauniamini, angalia picha. Sikuifuta. Iko kwenye kadi ndogo nyeusi, ndani ya kikopo cha batri juu ya kabati. Wewe una jicho kuliko mimi. Ifungue, ikuze mpaka mwisho, tafuta punje moja nyeusi kwenye maji yale. Haiko. Angalia na zile thelathini za kabla yake, zimejaa vipele. Siku ile bidoni haikuwa imetulia. Maji safi nyumbani yalikuwa ya ndoo yako tu. Yale unayoyaona yameinuka na kusimama mekundu na buluu ndiyo yale uliyoyachuja jioni na kuyawekea dawa asubuhi. Ndiyo yaliyokuwa ya kunywa Asifiwe.

Kwa hiyo hukusahau. Hata siku moja hukusahau. Ulilazimishwa kukumbuka kitu ambacho hakikutokea, na mimi nilikaa hapo naangalia kikiota ndani yako.

Juzi nilikwenda Ndosho kwa koko yako. Nilitaka mtu mmoja ajue kabla yako, nione kama naweza kulitamka. Alikuwa anachambua maharagi.

"Mama," nikasema, "ile maji ya Asifiwe, ni miye. Ansima aliweka dawa. Niliimwaga, nikaweka ya bidoni."

Hakuinua kichwa. Alitupa jiwe dogo nje, akatupa lingine.

"Nilikuwa nawaza vile," akasema. "Mutu mwenye hana fote, mwenye hana kosa, angelia kwa sauti."

"Na haukusema?"

"Weye njo mutoto yangu. Ningesema nini?" Akafuta mikono. "Sasa unataka fanya nini na hiyo maneno?"

"Nataka kumwambia kabla aende."

"Zawadi, sikia. Acha. Ataenda Kampala, ni kijana, atasahau. Weye njo utabaki hapa na hawa batu. Bakijua, nani ataleta sura yake umupige picha? Utakula nini? Ule mutoto ashazoea."

"Ashazoea nini, Mama?"

"Kubeba."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayesema bidoni fulani imezoea kichwa cha fulani. Na nikaona kwamba ndivyo mimi pia nilivyokuwa nafikiri, miezi kumi na sita, ila sikuwa nimelisikia kwa sauti ya mtu. Nikaondoka bila kunywa chai yake. Nililia njia nzima, na si kwa sababu alikuwa mkali. Nililia kwa sababu koko yako ananipenda, na mapenzi yake kwangu yamefanana na yangu kwako: anamficha mtoto wake, hata kama mtoto mwingine anaumia. Na yangu mimi hata si hivyo. Mimi nilijificha nyuma ya mtoto wangu mwenyewe.

Sina cha kukufundisha, Ansima. Mama wengine siku kama hii wanatoa mafundisho. Mimi nikitafuta ninachokijua kwa kweli, ni kidogo sana. Nakijua kile kitambaa. Najua kwamba mkono wangu ulikigusa na mimi nikauambia ni dakika kumi. Sikuwa mbaya siku ile, nilikuwa na furaha, na ni hilo linalonitisha. Ubaya ulikuja baadaye, nikiwa nimetulia, kila asubuhi nikiamka na kuchagua tena kunyamaza. Kama Kampala utafanya kosa, na utafanya, hata kubwa, litazame siku ile ile. Siku ya pili linakuwa limeshakuwa kitu kingine, na unalilisha wewe mwenyewe.

Na kama siku moja mtu atakuuliza mbele ya wengine, "Ni nani alifanya hii?" na moyo wako unajua hukufanya, usiseme "labda." Nakuomba. Ulitoa labda yako kwa sababu ya upole, na mimi nikajenga nyumba juu yake.

Siombi unisamehe. Sema husamehi, nitaelewa. Nilifikiri kuiweka barua hii chini kabisa ya mfuko wako, uikute Kampala, wakati hasira yako haiwezi tena kunifikia. Niliipenda sana fikra hiyo, siku mbili nzima. Kiisha nikaona ni kule kufumba macho tena kwenye mapaja ya jirani. Kwa hiyo nakupa mkononi, leo, ukirudi tu, na mimi nitakuwa hapa hapa kwenye kigoda. Kama utataka kupiga kelele, piga, mbao hizi zimesikia mengi. Kama utataka kulala kwa rafiki yako leo, nenda, nitakuletea mfuko kwenye basi asubuhi na sitasema neno. Kama hautarudi tena Goma, na mimi nafikiri hautarudi, iwe kwa sababu yako mwenyewe, usiwe mtu aliyefukuzwa na kosa lake. Hauna kosa hapa. Mwenye kosa anabaki, na nyumba inabaki naye, na jioni zake zote.

Jambo moja tu silijadili nawe, na hata ukinikataza nitalifanya. Saa kumi na mbili watu wa shirika wanakuja kukuombea safari. Ni wale wale waliokuwepo kwenye kilio, na koko yako atakuwepo. Walikuhukumu hapa, nikiwepo. Nitasimama kabla ya sala kuanza. Sitangoja wimbo uishe. Koko atanivuta nguo, najua, atasema mtoto wangu amechanganyikiwa na uchungu wa safari. Nitasema hata hivyo. Kesho au keshokutwa pengine hakuna atakayegonga mlango huu kutaka picha, na iwe hivyo. Wewe kaa ndani kama hautaki kuwaona. Lakini mlango uache wazi, usikie.

Nimejizoeza maneno yenyewe hapa peke yangu, nikiutazama ukuta. Mara ya kwanza sauti ilikatika kwenye jina la Asifiwe. Mara ya pili nilianza kwa kueleza juu ya umeme na maji kutotulia, nikajikatiza, maana huko ndiko naanza kutoroka. Sasa yamebaki mafupi: "Ansima aliweka dawa. Ni miye Zawadi, mama yake, niliimwaga ile maji, na nilinyamaza."

Nimeyasema mara sita. Ya sita niliyamaliza.

Viatu vyako hivyo vinakuja kwenye mawe.

Mama yako.